Bolti iliyobingirika

Mama alinipigia simu Jumamosi moja ya Agosti mwaka jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shikamoo yangu hata haikuisha. "Marahaba mwanangu. Mashine imegoma tangu jana. Panda."

Mtu wa Kibosho, huku kwetu mlimani Kilimanjaro, akisema mashine msimu wa kahawa, haulizwi ni mashine gani. Ni ile ya kumenyea: ngoma ya chuma, kinywa cha kumiminia kahawa mbivu, mkanda, na kando yake injini ndogo ya petroli ya silinda moja, cc 163, ya aina ile ile utakayoikuta kwenye pampu za maji kule Kahe na kwenye majenereta ya maduka ya Moshi mjini siku umeme ukikatika. Ya kwetu inahudumia nyumba tano. Ijumaa jioni iliwagomea wakati ndoo kumi na moja zimeshachumwa. Wakaazima mashine ya mkono kwa jirani, wakaizungusha kwa zamu mpaka saa nne usiku. Na Jumamosi walikuwa wanachuma tena.

Kwa ambaye hajakulia kwenye mibuni: kahawa mbivu inatakiwa imenywe, yaani itolewe ganda, siku ile ile iliyochumwa. Ikilala kwenye gunia inapata joto, inaanza kuchacha ikiwa bado ndani ya ganda lake, na ule uchachu unaingia kwenye punje. Hapo uiloweke vizuri, uioshe, uianike kichanjani na kuigeuza mchana kutwa, ladha ile haitoki. Kazi ya mwaka mzima, kupogolea, kuweka samadi, kupulizia dawa, inaharibika kwa usiku mmoja kwa sababu ya injini ya kilo kama 15.

Nilifika saa mbili kasoro. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba. Mashine haikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye zege nyuma ya jiko. Mwaka huu walikuwa wameishusha hatua kama ishirini, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, wapate maji ya kumenyea bila kubeba ndoo. Nikaona ni wazo zuri na nikawapongeza.

Nikauliza maswali mawili. Petroli ipo? Imejaa. Oili ipo? Ipo. Nikaridhika na majibu yote mawili, na siku yangu iliharibikia hapo hapo, kwenye kuridhika. "Ipo" si kipimo.

Kabla ya kuvuta kamba nilitoa mkanda. Hili nalisisitiza kwa kila mwenye mashine ya mkanda: maganda ya jana yakikaukia kwenye ngoma, ngoma inakwama, nawe unavuta kamba ukidhani injini ndiyo imekaza. Mkanda ukitoka, injini inabaki peke yake na unajua unashughulika na nani. Nikafungua bomba la petroli, nikafunga choki, kile kizibo cha kupunguza hewa, kwa kuwa injini ilikuwa ya baridi, swichi nikaiweka kwenye kuwasha, nikavuta mara tano. Haikukohoa. Nikavuta tano nyingine, nikaacha. Nimeona watu wakivuta mpaka kamba inakatika, na hakuna jipya walilolijua tangu ule mvuto wa sita.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu vikutane kwa wakati wake: mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, mgandamizo, na cheche. Mgandamizo nilishaupata mkononi, maana kamba ilikuwa inakaza, inalegea, inakaza. Injini iliyokwisha ringi, au ambayo valvu yake imekwama wazi, kamba inakuja tu bila ubishi wowote. Kwa hiyo vilibaki viwili, na vyote viwili unaviulizia mahali pamoja, kwenye plagi.

Plagi ichomoe mara tu baada ya kuvuta kamba, usingoje, na uitazame ncha yake kabla hujafanya lolote. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayawaki. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Yenye masizi meusi makavu inakwambia mafuta ni mengi kuliko hewa: choki imesahauliwa, au chujio la hewa limeziba. Yenye weusi unaoteleza ni oili inayopanda kutoka chini. Huku mlimani masizi yanakuja kwa urahisi zaidi, kwa sababu hewa ni nyepesi na kabureta, inayochanganya petroli na hewa, inaendelea kumwaga mafuta kama vile iko Tanga. Nguvu nayo inapungua kwa karibu asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300. Kwetu ni kama mita 1,400, kwa hiyo injini yetu imeshaacha njiani kama asilimia 16 ya nguvu zake kabla haijaguswa na kahawa. Wengi wanaodai wameuziwa injini dhaifu wangejua hesabu hii wasingegombana na mwenye duka.

Fundi mwenye haraka huipangusa plagi kwenye suruali kabla ya kuitazama. Ameshafuta jibu.

Ya kwetu ilikuwa kavu kama kuni za darini. Nikasema mafuta hayafiki. Nilikuwa sahihi, na kwa kuwa nilikuwa sahihi sikujishughulisha kuangalia cheche. Nilipata jibu moja nikaacha kuuliza.

Nikafungua tangi nikanusa. Petroli nzuri inapanda puani kwa ukali, inakuchoma. Hii ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango. "Mama, hii petroli ni ya lini?" Akafikiri kidogo. "Si ile iliyobaki msimu uliopita? Ilikuwa nusu tangi, tukaongezea." Maana yake ilikuwa imekaa tangu Desemba, miezi minane. Sehemu nyepesi ya petroli, ile inayokubali kuwaka asubuhi ya baridi, ndiyo ya kwanza kuruka hewani. Inayobaki ni nzito, na taratibu inageuka gundi. Ndani ya kabureta, ambako petroli ni kiasi cha vijiko vichache tu, mambo yanaharibika mapema kuliko kwenye tangi.

Nikaanza kufungua bakuli la kabureta palepale mfongoni, kwa spana namba 10. Bolti nikaiweka juu ya fremu ya mashine. Ikabingirika, ikaangukia kwenye majani makavu ya migomba. Tuliitafuta mimi na mpwa wangu wa darasa la tano karibu robo saa. Tulipoipata nikaiweka tena palepale, ikabingirika tena, upande ule ule wa mfongo. Nikaona tutapoteza na vidogo zaidi. Tukafungua bolti nne zinazoishika injini kwenye fremu, tukaibeba mpaka barazani, kwenye mwanga na sakafu ya saruji.

Ndani ya bakuli palikuwa na utando wa kahawia unaonata kidoleni kama utomvu wa mgomba. Nikaifungua jeti kubwa. Ni kipande cha shaba kisichozidi ukucha, na katikati yake kuna tundu dogo kuliko nukta ya kalamu. Petroli yote itakayomenya kahawa ya nyumba tano inapita kwenye tundu hilo. Nikaiinua kuelekea mwanga. Jeti safi inakuonyesha nukta ya mwanga, mviringo, isiyo na pembe. Hii ilinionyesha giza. Nikachuna kipande cha waya wa umeme, ule wa nyuzi nyingi, nikatoa uzi mmoja wa shaba na kuupitisha taratibu, ukaingia, ukagoma, ukaingia. Pini au sindano ya chuma usiitumie kabisa, kwa sababu jeti ni laini na tundu hilo limepimwa. Ukilipanua hata kidogo, injini itakunywa kupita kiasi maisha yake yote yaliyobaki. Nikapuliza, nikainua tena. Nukta ikaonekana. Nikampa mpwa wangu naye atazame kwa jicho moja. "Mjomba, kama nyota," akasema, na akakataa kunirudishia mpaka amwonyeshe bibi yake.

Jeti ndogo ya mwendo wa chini nayo nikaisafisha vivyo hivyo. Petroli ya zamani nikaimwaga kwenye dumu, mbali na moto wa jiko, nikaweka mpya niliyopanda nayo kutoka mjini. Nikavuta. Mara ya tatu injini ikawaka, kuku wakatawanyika, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akimshukuru Mungu. Nikaiacha ingurume dakika tano, ikatulia kwenye sauti yake, nikazima. Tukairudisha mfongoni, tukafunga bolti nne. Nikavuta.

Kimya. Nikavuta mara kumi. Kimya kile kile cha asubuhi.

Nikachomoa plagi: imelowa. Sasa mafuta yanafika ila hayawaki. Ningefuata maneno yangu mwenyewe niliyokwisha kuyaandika hapo juu, hatua iliyofuata ilikuwa cheche. Lakini mtu aliyetoka kufungua kitu huishuku mikono yake. Nikaamua kwamba nimefunga vibaya floti, lile boya la ndani ya bakuli, sindano yake haizibi, petroli inafurika. Nikafungua kabureta tena, nikafunga. Imelowa. Nikampigia fundi mmoja wa mjini. "Kaka, usihangaike na hiyo kabureta, imekwisha. Chukua mpya." Nikashuka kwa bodaboda, nikanunua, nikapanda. Ilikuwa saa nane mchana. Tukaibeba injini barazani, nikafunga kabureta mpya, nikavuta mara moja tu, ikawaka. Tukaishusha mfongoni. Ikagoma.

Wakati huo ndoo zilikuwa zimeanza kupangwa foleni kando ya mfongo, na mashine ya mkono imesharudi kazini. Wenye ndoo hawakunisema, na kule kutosema kulinibana kuliko maneno. Mzee mmoja jirani akaja, akaiangalia injini kwa muda, akasema labda haipendi ubaridi wa maji. Nilitaka kubisha, maana kati ya baraza na mfongo ni hatua ishirini. Kisha nikatambua kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza siku hiyo kuuliza habari za mahali. Sisi wengine tuliuliza habari za injini tu.

Hapo ndipo nilipopima cheche, saa tisa alasiri, jambo la dakika mbili ambalo lilipaswa kufanyika saa mbili asubuhi. Unachomoa plagi, unaivalisha tena kofia yake, unaegemeza chuma chake kwenye kichwa cha injini, mbali na lile tundu ulikoitoa, kwa sababu tundu hilo linapumua mvuke wa petroli na cheche moja inatosha kukuunguza uso. Unajikinga na jua, mwenzako anavuta kamba. Cheche nzima ni ya buluu na inalia tiki. Iliyo hafifu ni ya manjano na inatangatanga. Yetu haikuwapo kabisa. Tukaipandisha injini barazani bila kubadili kitu: tiki, tiki, tiki, buluu. Tukaishusha: hakuna.

Niliweka spana ya plagi juu ya fremu ili nifute jasho. Ikateleza kuelekea mfongoni.

Nikaitazama ile fremu kama naiona mara ya kwanza. Miguu miwili ya upande wa maji ilikuwa imezama kwenye udongo laini, na shamba lenyewe linashuka, kama mashamba yote ya huku yanavyoshuka. Mtu aliyezaliwa kwenye mteremko hauoni mteremko. Macho yetu yameshauhesabu kuwa ndiyo usawa.

Injini nyingi za aina hii zina mlinzi tumboni, swichi ndogo ya floti inayoogelea kwenye oili. Oili ikipungua, floti inashuka, swichi inaunganisha waya wa koili inayozaa umeme wa plagi na bodi ya injini, na umeme uliokuwa uende kwenye plagi unapotelea kwenye chuma. Hakuna cheche, hakuna kuwaka, na injini haikwambii kwa nini. Hizi hazina betri. Umeme wake unazaliwa pale sumaku iliyo kwenye gurudumu la mbele inapopita kando ya koili, kwa hiyo hakuna mahali pengine pa kusaka. Ukikosa cheche kwenye injini yenye plagi nzima, angalia swichi ya kuzimia, angalia waya kama panya hawajautafuna stoo, na angalia oili, kabla hujamshuku koili.

Nikaufuata waya wa njano unaotoka tumboni, nikauchomoa kwenye kiungo chake. Mpwa wangu akavuta. Buluu. Nikaurudisha, akavuta. Hakuna. Nikauchomoa tena ili nisibaki na shaka. Buluu.

Kisha nikafanya nilichodhani kimeshafanyika. Nikafungua kifuniko cha oili, nikafuta kijiti chake, nikakichovya bila kukizungusha, nikakitoa. Oili ilikuwa inagusa ncha tu, tena ikiwa imeegemea upande mmoja. Kumbe barazani, kwenye sakafu iliyonyooka, ile oili kidogo ilitosha kumshikilia mlinzi. Mfongoni ilikimbilia upande wa chini na kumwacha mkavu. Ilikuwa "ipo" kweli, ila haikuwa mahali inapotakiwa kuwa.

Nilimpigia fundi kumweleza. Akacheka kwa furaha, kisha akanipa ushauri ambao nimeshausikia kwa mafundi wengi, na ambao naupinga kwa moyo wote: "Basi huo waya ukate tu, kaka, hautakusumbua tena." Ni kweli hautasumbua. Injini hizi hazina pampu ya oili. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko kidogo kinachopiga oili kila mzunguko na kuirusha kila upande, na matone hayo ndiyo ulainisho wote uliopo. Oili ikikimbilia upande mmoja, au ikiisha, kijiko kinapiga hewa. Pampu ya maji ya rafiki yangu mmoja wa tambarare ilikatwa waya wa namna hiyo. Iliendelea kufanya kazi vizuri msimu mmoja, mpaka siku mkono wa pistoni ulipokatika na kutoboa ubavu wa injini, nyanya zikiwa zimeanza kushika maua. Hakukuwa na cha kutengeneza. Mlinzi anayekuzuia kuwasha saa tisa alasiri na ndoo ziko foleni anakera, nilikereka, lakini alikuwa anasema kweli siku nzima.

Nikaurudisha waya. Kabureta ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote baada ya kusafishwa, nikaifunga kwenye mfuko nikaitunza. Tukatafuta mawe mawili bapa mfongoni, tukainua miguu ya upande wa maji mpaka bolti ikakaa juu ya fremu bila kusogea. Oili ya zamani nikaimwaga, ilikuwa nyeusi kama lami, na mpya ikaingia kidogo zaidi ya nusu lita, mpaka ikagusa mdomo wa tundu. Kitabu cha injini ya namna hii kinataka ibadilishwe kila saa 100 za kazi au miezi sita. Ya kwetu hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho.

Kamba ilivutwa mara mbili. Tukarudisha mkanda, ngoma ikaanza kuzunguka, na ndoo ya kwanza ikamiminwa saa kumi na dakika ishirini. Punje zikawa zinatoka upande huu zimevaa utelezi wake, maganda mekundu yakitoka upande ule. Tulimaliza saa mbili usiku kwa mwanga wa tochi za simu. Mzee jirani alikaa mpaka ndoo yake ya mwisho, kisha akaniuliza tena kwa upole kama kweli haukuwa ubaridi wa maji. Nikamwonyesha mawe. Akayasukuma kwa fimbo kuona kama yamekaa.

Wiki iliyofuata nilipanda na mfuko wa saruji na pima maji. Tukamwaga zege dogo pale pale mfongoni, nyuma nene kidogo, mbele nene zaidi. Mpwa wangu ndiye aliyeshika pima maji, akaniambia niongeze, niongeze, basi mjomba, povu limekaa katikati. Kabla saruji haijakauka akaweka bolti ya namba 10 juu yake na kuchuchumaa kuitazama.